Mguu Mmoja wa Gari la Baba

Oili ya difu inanuka vibaya, na mimi naipenda. Haina harufu ya oili ya injini, ile ya kawaida inayokaa kwenye ovaroli za mafundi. Hii ina kitu cha kiberiti ndani yake, na kitunguu kilichosahaulika kwenye mfuko wa plastiki. Wiki jana nilikuwa gereji moja mjini Kericho, kijana akalegeza nati chini ya gari langu, oili ikashuka kwenye karai, na mimi, mtu mzima mwenye watoto na miwani, nikasimama pale nimefumba macho natabasamu. Kijana akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nimerudi Boito, nina miaka tisa, na nimeharibu gari la baba yangu kwa makusudi.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la zamani hata wakati huo, refu kwa nyuma, na mlango wake wa kushoto haukufunguka mpaka uupige kiwiko. Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka magari yale. Hayakuwa na kitufe cha kubonyeza ndipo magurudumu yote manne yavute. Kulikuwa na gia ndogo kando ya ile kubwa, lakini hiyo peke yake haikutosha. Ilibidi mtu ashuke, achuchumae kwenye matope, azungushe kwa vidole kisahani kilichokaa katikati ya kila gurudumu la mbele. Mafundi hukiita hab. Ukikizungusha upande mmoja, gurudumu linashikana na chuma kinachotoka kwenye difu ya mbele, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu, na gari linavuta. Ukikirudisha, gurudumu linabaki huru, linazunguka peke yake, na gari linakimbia vizuri kwenye lami. Cha muhimu ni hab zote mbili ziwe sawa, zimeshika zote au zimeachia zote. Baba alinieleza hayo mara moja tu, na mimi nikaelewa nusu, nusu ile niliyoitaka.

Kazi ya hab ilikuwa yangu. Baba alikuwa amepata kazi ya kusimamia shamba la ngano huko mbele ya Mulot, ambako ardhi ni tambarare na mvua si ya kila siku kama kwetu. Aliondoka Jumatatu asubuhi, akarudi Ijumaa jioni. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mlima, na lami iliishia chini, kwenye kituo cha kupimia majani chai. Ijumaa nilimngoja hapo kituoni, kati ya akina mama na vikapu vyao. Akisimamisha gari nazunguka mbele, nashika hab ya kulia, nashika ya kushoto, kisha naingia ndani tunapanda mlima. Jumatatu tunashuka pamoja, naziachia zote mbili hapo hapo kituoni, yeye anashika njia ya Bomet na mimi naenda shule na vidole vyenye matope. Sikuvinawa. Nilitaka watoto wengine waulize ni matope ya nini.

"Umezungusha?" Baba angeuliza dirishani.

"Tayari."

Hakuwahi kushuka kuhakikisha, hata mara moja. Aliamini neno langu na akaweka gia.

Sasa, mtoto wa miaka tisa ana macho, na macho yangu yaliona jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Hab zikiwa zimeshika, gari lilikaa nyumbani. Lilikwenda kanisani, likaleta mbolea, likampeleka Mama kliniki, likarudi. Hab zikiachiwa, gari lilikwenda Mulot na Baba akalala huko siku nne. Haikuniingia akilini kwamba ni matope yaliyoamua. Niliona mwenyewe, wiki baada ya wiki, kwamba ni hizo hab ndizo zinazopima gari liende umbali gani, na kwamba anayezizungusha ni mimi.

Tulikuwa na ng'ombe aliyeitwa Malkia. Alikuwa mzururaji. Ukigeuka tu yuko kwenye mahindi ya jirani, au amesimama katikati ya majani chai anatazama bonde kana kwamba ananunua shamba. Mama alimfunga kamba mguu mmoja wa mbele, akaifunga kwenye kigingi alichokipigilia ardhini. Mguu mmoja tu. Nilipomuuliza kwa nini asifunge yote, aliniambia huyo ni ng'ombe, si mzigo. Aachwe ale, atembee, ilmradi asiende mbali. Malkia alizunguka na kamba yake siku nzima, akanenepa, na jioni alikuwa pale pale tulipomwacha. Nilimtazama sana yule ng'ombe.

Jumatatu moja nilichuchumaa mbele ya gari la Baba, nikaachia hab ya kushoto, nikaenda upande wa kulia, nikaiweka mikono yangu pale na sikuizungusha. Niliiacha imeshika. Baba akauliza kama nimezungusha, nikasema tayari. Gari likaondoka, na kwa kweli nilitegemea lifike kwenye kona ya miti ya mikaratusi lianze kurudi. Halikurudi. Lakini sikukata tamaa. Hata Malkia alivuta kamba yake kwanza kabla ya kukubali.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha tangu saa nane. Baba alifika kituoni amechelewa, na kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshateremsha kioo.

"Chebet, hii gari inavuma," aliniambia. "Kutoka Mulot mpaka hapa inavuma tu kama posho mill. Ukiongeza mwendo, inaongeza. Ikikaa hivi, Jumatatu siwezi kwenda nayo."

Siwezi kwenda nayo. Nilisikia maneno hayo na moyo ukaruka. Kamba imeshika! Baba alikuwa na uso wa mtu aliyeumwa na jino njia nzima, na mimi nilikuwa nauma midomo nisicheke kwa furaha. Akaniambia nishike hab tupande. Nilijua nikishika na ya kushoto, zitakuwa sawa tena, na kamba yangu itakuwa imefunguka. Kwa hiyo nilichuchumaa kushoto, nikahesabu mpaka tano, nikaenda kulia, nikahesabu tena mpaka tano, nikasimama.

"Tayari."

Tulifika katikati ya mlima. Baba aliingiza ile gia ndogo, injini ikanguruma, magurudumu ya nyuma yakarusha matope mpaka kwenye majani chai ya watu, na yale ya mbele yakakaa tu yametulia kama wageni. Akina mama waliokuwa wakirudi kutoka kituoni waliweka vikapu chini wakasukuma. Tulisonga hatua mbili, tukateleza tatu. Mwishowe Baba aliliachia gari polepole lishuke kinyumenyume hadi kituoni, akaliegesha kando ya kibanda cha mizani, akazima.

"Four-wheel imekufa," alisema. "Inavuma kwa lami, haivuti kwa matope. Hiyo ni transfa."

Sikujua transfa ni nini. Tulipanda nyumbani kwa miguu, yeye ameshika viatu mkononi, mimi nimebeba mkoba wake kichwani, na nakiri kwamba ilikuwa mojawapo ya jioni nzuri za utoto wangu. Alinishika mkono mahali penye utelezi. Nilidhani tutakuwa tunatembea hivyo siku zote.

Jumamosi asubuhi Baba alimwita fundi Ombati. Huyu alikuwa mzee kutoka upande wa Kisii aliyekuja kwetu zamani kufanya kazi ya mitambo kwenye kiwanda cha chai, akazeeka, akastaafu, akabaki. Mafeni na mashine za kukaushia majani zilikuwa zimekula masikio yake. Alikusikia ukisimama mbele yake na kupaza sauti, lakini mivumo na milio midogo ya gari ilikuwa imempotea kabisa. Ungedhani fundi wa namna hiyo ataacha kazi. Yeye alitafuta njia nyingine: alisikiliza kwa meno. Alichukua kitu kirefu kigumu, akaegemeza ncha moja kwenye chuma kinachozunguka, akauma ncha nyingine, akafumba macho. Alisema beringi mbovu inamtekenya kwenye magego.

Alikuja kituoni na boksi la spana bila chombo cha kuuma. Akamgeukia Mama, aliyekuwa amefika na kikapu chake cha majani chai.

"Mama Chebet, nipe ile mwiko yako ya ugali."

"Mwiko yangu? Ya kufanyia nini?"

"Kuskiza gari."

"Si uko na bisibisi?"

"Bisibisi iko na oili. Sipendi hiyo ladha."

Mama alimtazama Baba, Baba akatazama pembeni. Nilitumwa nyumbani mbio, nikarudi na mwiko mkubwa wa siku za wageni, na wanawake wote waliokuwa kwenye foleni ya mizani wakacheka mpaka karani akawaambia wanyamaze asikosee kupima.

Swali la kwanza la fundi lilikuwa lile ambalo fundi yeyote angeuliza. "Hab zinashika?"

Baba alinigeukia. "Chebet?"

"Zote mbili," nilisema.

"Basi hapo hakuna shida," Baba akamwambia. "Huyu hakosei."

Hab zenyewe zilikuwa zimefunikwa na matope mazito hata usione alama. Fundi angeinama tu akwangue kidogo kwa kucha, hadithi yangu ingeishia hapo. Hakuinama. Alikubali neno la Baba, na Baba alikuwa amekubali langu. Maneno hayo mawili, huyu hakosei, yaliniuma, lakini nilijikaza. Niliwaza jinsi nyumba inavyokuwa Jumanne, kiti cha Baba kikiwa na nguo zisizopigwa pasi juu yake, na nikajikaza zaidi.

"Sasa nahitaji maskio," alisema fundi. "Huyu mtoto atakuja."

Kabla ya kuondoka Baba aliniagiza niachie hab, kwa kuwa tunaingia kwenye lami, nami nikaenda kuchuchumaa tena na kuhesabu mpaka tano. Nilikaa kiti cha nyuma katikati, nimeshika mwiko. Baba aliendesha, fundi akiwa ameegemea mlango wa kushoto na kunitazama mdomo. Mwendo ulipoongezeka, mvumo ulianza. Leo ningesema ulikuwa mvumo wa chuma kinachosuguana na chuma ndani ya oili, mwembamba kwanza kisha mnene. Siku ile nilisema, "Ni kama nyuki ndani ya sufuria." Fundi akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kana kwamba nimempa kipimo.

Alimwambia Baba atoe gia, gari liteleze lenyewe. Mvumo ukabaki. "Basi si injini, na si giaboksi," alisema. Akamwambia ayumbishe usukani kushoto, halafu kulia. "Imebadilika?" Nikatikisa kichwa kukataa. "Basi si beringi ya gurudumu. Beringi ukiiegemea inapiga kelele." Akamwambia akanyage mafuta, kisha aachie ghafla. Mvumo haukujali. Aliuondoa ubaya mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele, na kila alipouondoa aliniangalia mimi kwanza. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza namna ile. Ndipo akauliza swali lenyewe.

"Sasa niambie. Inatoka mbele ama nyuma?"

Ulitoka mbele. Ulitoka chini ya miguu ya Baba, wazi kabisa, hata soli za viatu vyangu ziliuhisi.

"Nyuma," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nyuma kabisa."

Nilidhani nalinda kamba yangu tu. Tulirudi kituoni, fundi akapandisha magurudumu ya nyuma kwa jeki, akaweka mawe, akalala chini ya gari kwenye gunia. Alilegeza nati ya difu ya nyuma, ile oili nyeusi ikashuka kwenye karai, na harufu yake ikaenea mpaka kwenye mizani. Akaingiza kidole, akasugua oili kati ya vidole akitafuta chembe za chuma. Hakuna. Akairudisha oili, akamwambia Baba awashe gari na kuingiza gia, magurudumu yakizunguka hewani. Akauma mwiko. Tulimngoja. Akauma upande mwingine.

"Hii difu iko sawa kuliko meno yangu," alisema akitoka chini, ana matope kwenye nyusi. Alinitazama kidogo, si kwa shuku, kwa kushangaa tu. "Kama si injini, si beringi, si difu ya nyuma, na mbele haivuti, basi, Baba Chebet, ni vile ulisema. Ni transfa. Hiyo inagawa nguvu mbele na nyuma. Ikiisha ni kutafuta ingine, na ya hii gari hakuna hapa. Nakuru labda. Labda."

Baba alikaa kwenye ngazi ya kibanda cha mizani. Alikuwa na mtu wa Mulot, mfanyabiashara wa ndama, aliyekuwa akimsumbua amuuzie lile gari kwa ajili ya kubebea mifugo. Mtu huyo alikuwa Bomet siku ile. Baba alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akaitoa tena akapiga. Saa sita na nusu yule mtu alifika na pikapu na kamba nene ya kuvutia. Alikuwa mcheshi, mwenye kofia kubwa na gamubuti safi. Alizunguka gari, akapiga gurudumu teke, akasema atalichukua hivyo hivyo lilivyo, yeye ana fundi wake.

Mimi bado nilikuwa na furaha, niwaambie ukweli. Gari liende na huyo mtu! Baba abaki! Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikipanga tutakavyokwenda kuchuma majani pamoja.

Mama aliweka kikapu chini. Aliuliza polepole, kwa Kipsigis, ili wageni wasielewe. "Na Mulot utakuwa unaenda na nini?"

"Nitapanga chumba huko huko," Baba akamjibu. "Nauli ya kila wiki na kuunganisha magari matatu, haitawezekana. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi."

"Mpaka tupate gari ingine."

Mama aliinamia kikapu chake. Alipanga upya majani yaliyokuwa tayari yamepangika.

 Mwezi ulikuwa kitu ambacho sikuwahi kukiona mwisho wake. Nilitazama ile kamba nene mkononi mwa mtu wa ndama akiifunga mbele ya gari, akiinama karibu kabisa na gurudumu la kulia, na nikaelewa kwamba mimi ndiye niliyemfukuza baba yangu. Malkia hakuwa hivi. Malkia alifungwa mguu akabaki. Nilikuwa nimekosea mahali, sikujua wapi, na hapakuwa na nafasi ya kutafuta. Baba alikuwa ameshatoa ufunguo wa gari kwenye ule mwingine wa nyumba na kuushika kiganjani.

Niliondoka kwenye jiwe, nikapita katikati yao, nikapiga magoti kwenye matope mbele ya gurudumu la kulia. Nilikwangua matope kwa kucha. Hab ilikuwa ngumu baada ya wiki nzima, ikanikata kidole, nikaizungusha kwa mikono miwili mpaka ikalia tak.

"Jaribuni sasa," nikasema.

"Chebet, toka hapo," alisema Baba.

"Jaribuni sasa! Haitavuma!"

Nililia niliposema hivyo, na kulia kwangu ndiko kulikomfanya fundi Ombati asogee. Hakuwa amesikia maneno, ila aliona mkono wangu ulipokuwa. Aliinama hatimaye, akakwangua, akatazama. Akaenda upande wa kushoto, akakwangua, akatazama. Akarudi kwangu. Akamwomba mtu wa ndama afungue kamba kidogo tu, akamwambia Baba aingie ndani.

Walikwenda mpaka kwenye mikaratusi na kurudi. Sikuchukuliwa. Nilisimama na Mama, akanifunga kidole kwa pembe ya leso yake. Gari lilirudi kimya kiasi kwamba tulisikia mawe madogo yakikanyagwa. Kisha fundi mwenyewe akashuka, akashika hab zote mbili kwa mkono wake, Baba akaingiza ile gia ndogo na kulielekeza mlimani, na gari likapanda lote, magurudumu manne, bila kurusha hata tope moja, likapotea juu na kushuka tena. Wanawake wa kituoni walipiga vigelegele kana kwamba kuna harusi.

"Hab moja imeshika, ingine imeachia," fundi alimweleza mtu wa ndama, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Gurudumu moja inazungusha difu ya mbele peke yake mchana kutwa, gia za ndani zinakimbizana. Lazima ivume. Na ukiweka four-wheel, nguvu yote inakimbilia upande ule haujashika. Na mimi nafungua ya nyuma!" Akacheka mpaka akashika magoti. "Miaka yangu yote kiwandani, nimedanganywa na maskio ya kukopa."

Baba hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu ili macho yetu yawe sawa.

"Ulisahau?"

Alikuwa amenipa njia ya kutokea, na ninajua watu wazima wengi ambao wangeichukua. "Sikusahau," nikasema. "Niliacha mguu mmoja. Kama Malkia. Ili usiende mbali."

Nilisema kwa Kipsigis, kwa kunong'ona, na nashukuru, kwa sababu Mama alielewa na Baba alielewa na wengine walibaki kusubiri.  Baba alisimama, akaenda kwenye tangi la maji la kituo, akanawa mikono. Akainawa tena. Mikono yake ilikuwa safi kitambo na bado alikuwa ametupa mgongo, maji yakimwagika bure, na karani wa mizani, mtu mkali sana kuhusu maji, hakumwambia lolote.

Mtu wa ndama alikunja kamba yake. Mama alimpa chai ya kituoni na mkate, akanywa, akasema hata yeye ana binti, akaondoka bila chuki. Fundi aliosha mwiko kwa sabuni mara tatu na kumkabidhi Mama kwa mikono miwili. Mama aliupokea, akashukuru, na kuanzia siku hiyo mwiko ule ulikuwa wa kusongea chakula cha mbwa.

Hakuna aliyenichapa. Nilisubiri Jumamosi yote na Jumapili yote. Adhabu yangu ilikuja Jumatatu. Tulishuka mlima, Baba akasimamisha gari kituoni, nikaachia hab ya kushoto, nikaachia ya kulia, nikaenda dirishani nikasema tayari. Akanitazama, akazima injini, akashuka. Alizunguka gari akazigusa mwenyewe, moja, halafu nyingine. Hakufanya kwa hasira. Iliniuma kuliko fimbo yoyote niliyowahi kupigwa, na niliahidi moyoni kwamba ataniamini tena mpaka asahau kushuka, hata kama itachukua mwaka. Ilichukua karibu mwaka.

Alipomaliza alinishika bega. "Chebet, gari haifungwi," alisema. "Mimi narudi kwa sababu nyinyi mko hapa. Umeskia?"

Nilisema nimesikia. Nilisema tu, maana sikuamini. Aliondoka na gari lake kimya, likapita mikaratusi, nikaenda shule nimenawa vidole.

Jumatano, Mama akiwa anakamua Malkia na mimi nimeshika taa kwa sababu mawingu yalikuwa yameleta giza mapema, tulisikia gari likipanda mlima. Tulidhani ni la mtu mwingine. Lilisimama kwenye lango letu, mlango wa kushoto ukapigwa kiwiko kutoka ndani, na Baba akashuka upande huo, kwa kuwa ule wa dereva ulibanwa na ua, akiwa na mkate na matope mpaka magotini, maana hab alikuwa amezishika mwenyewe kule chini.

Mama alinyanyuka na ndoo. "Kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

"Hapana," alisema Baba. "Nimesahau koti."

Lilikuwa koti moja tu alilokuwa nalo, na alikuwa amelivaa. Mama alilitazama, akanitazama mimi, akaenda kuongeza maziwa kwenye chai. Baba alikula nasi, akasikiliza hesabu zangu za shule, akalala, na kabla hakujapambazuka vizuri aliondoka kwenda kazini.

Jumatano iliyofuata alisahau mwavuli.